Vitanda Vilitangulia Lifti: Historia ya Nyumba za Wageni za Milima ya Vermont

Majira ya baridi ya mwaka 1934, wageni kutoka New York walikuwa wamefikia White Cupboard Inn, nyumba ya wageni katika mji mdogo wa Woodstock, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Walikuwa wamefuata skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni. Wakawalalamikia wenye nyumba, Robert na Elizabeth Royce: kutwa nzima wanapanda kilima kwa taabu, na raha ya kuteremka ni ya dakika chache tu. Pumzi inawaishia, jua linazama, na miteremko ya siku nzima inahesabika kwa vidole.

Akina Royce hawakuishia kuwapa pole. Habari zilikuwa zimeenea kwamba huko Shawbridge, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, kuna kamba inayozungushwa na injini na kuwavuta watu hadi juu ya kilima. Wageni wakachangia fedha, fundi David Dodd akapewa kazi, na malisho ya mkulima Clinton Gilbert yakakodiwa. Januari ya mwaka huohuo kamba ikaanza kuzunguka.

Chombo chenyewe kilikuwa cha kishamba hasa. Injini ya gari la Ford Model T iliizungusha kamba ndefu iliyounganishwa ncha zake mbili. Ilipanda upande mmoja ikarudi upande wa pili, ikipita kwenye magurudumu. Mchezaji alisimama kando, skii zikielekea juu, akaiacha kamba ipite kwanza katika viganja vyake, kisha akaikaza polepole mpaka ikamchukua. Aliyeikamata ghafla aling'olewa akaanguka kifudifudi. Kamba ikilowa ilikuwa nzito ajabu, ikavuta mabega na kuzila glavu mpaka zikatoboka. Lakini aliyezoea kupanda kwa miguu aliona amefunguliwa kifungo, maana kazi ya nusu saa sasa ilikuwa ya dakika moja au mbili.

Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya aina yake nchini Marekani, na simulizi nyingi za skii huanzia hapo. Makala haya yanarudi nyuma hatua chache, mpaka kwenye nyumba ambamo wazo hilo lilipata wa kulishughulikia. Mlima wenye theluji ulikuwapo tangu enzi na enzi bila ya kumlisha mtu. Kilichoufanya mlima huo kuwa riziki ni watu waliokuwa na chumba cha ziada, kuni za kutosha, na moyo wa kumpokea mgeni aliyeganda kwa baridi. Katika Vermont, vitanda vilitangulia lifti.

Nyumba kubwa, watu wachache

Ili kuelewa vyumba hivyo vya ziada vilitoka wapi, sharti tuanze na kondoo. Mwaka 1811 William Jarvis, aliyekuwa konseli wa Marekani huko Lisbon, alileta Vermont kondoo wa aina ya merino, wenye sufu laini na ya thamani kubwa. Wakulima wakaacha mengi wakafuata sufu. Misitu ikafyekwa hadi mabegani mwa milima, mawe yakakusanywa yakawa kuta za mipaka, na nyumba kubwa za mbao zikajengwa kwa fedha ya sufu. Kufikia mwaka 1840 jimbo lilikuwa na kondoo wapatao 1,700,000, ilhali watu hawakufika 300,000.

Kisha bei ya sufu ikaanguka. Ardhi ya magharibi ilikuwa pana, tambarare na yenye rutuba, na reli zilizofika Vermont mwishoni mwa miaka ya 1840 ziliwabeba vijana kwenda huko, au kwenda kwenye viwanda vya nguo vya majimbo jirani. Waliobaki waligeukia ng'ombe wa maziwa. Kila kijiji kikawa na nyumba ambazo zilijengwa kwa ajili ya watoto kumi, nazo sasa zilikaliwa na wazee wawili. Vyumba vya juu vilifungwa, na vitanda vyake vikafunikwa shuka.

Malazi ya kulipia hayakuwa mageni kabisa katika nchi hiyo. Kabla ya reli, magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi yalihitaji vituo vya kubadilishia farasi, na kwenye vituo hivyo msafiri alipata chakula, kinywaji na mahali pa kulala. Nyumba kadhaa za enzi hiyo zinapokea wageni hata leo. Waybury Inn ya East Middlebury ilijengwa mwaka 1810. Green Mountain Inn, iliyo katikati ya kijiji cha Stowe, ilijengwa mwaka 1833 kama nyumba ya kuishi, baadaye ikageuzwa kuwa hoteli. Mtu akisimama leo mbele ya kibaraza chake anaona barabara ileile waliyopita wachuuzi, maseremala na wahubiri.

Reli ilipoleta watu wa mijini waliokimbia joto na moshi wa Boston na New York, wake wa wakulima walifungua vile vyumba vya juu. Mgeni wa kiangazi alilipa kwa wiki, akala mezani pamoja na familia, akanywa maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hiyo. Kuanzia miaka ya 1890 serikali ya jimbo ilichapisha vitabu vyenye orodha za mashamba yaliyopokea wageni, na mwaka 1911 ikaanzisha ofisi maalumu ya kulitangaza jimbo. Fedha ya wageni aghalabu ilipita mikononi mwa mama mwenye nyumba, kama ilivyokuwa fedha ya mayai na siagi. Mashamba mengi yasingenusurika bila ya fedha hiyo, ingawa katika hesabu za kilimo za wakati ule haikupewa uzito wowote.

Lakini kila mwaka, majani ya vuli yalipokwisha kudondoka, wageni waliondoka na nyumba zikafungwa. Majira ya baridi yalikuwa ya wenyeji peke yao. Theluji ya barabarani haikuondolewa. Ilishindiliwa kwa magogo makubwa ya kuviringisha yaliyovutwa na farasi, ili sleji zipite juu yake. Mwenye gari alilipandisha juu ya magogo ghalani, akaondoa betri, akangoja majira ya kuchipua. Miezi minne au mitano kwa mwaka kitanda cha mgeni hakikuingiza hata senti.

Stowe inagundua majira yake ya baridi

Kijiji cha Stowe kiko chini ya Mount Mansfield, mlima mrefu kuliko yote ya Vermont, wenye kimo cha mita zipatazo 1,339. Katika miaka ya 1850 hoteli ya kiangazi ilijengwa karibu na kilele chake, na baadaye ikatengenezwa barabara ya kulipia ya kuwapandisha wageni kwa magari ya farasi. Hakuna aliyefikiri kwamba barabara hiyo ingekuwa na kazi wakati wa theluji, mpaka Februari 1914, Nathaniel Goodrich, mkutubi wa Chuo cha Dartmouth, alipoipanda na kuiteremka kwa skii. Miaka michache kabla ya hapo familia za Wasweden zilikuwa zimehamia Stowe na skii zao. Wao walizitumia kwa safari za kawaida, na watoto wa kijiji wakaiga.

Mtu aliyeona mbali alikuwa Craig Burt, mfanyabiashara wa mbao wa hapohapo Stowe. Mwaka 1921 yeye na wenzake waliandaa tamasha la majira ya baridi, watu wakaja kuruka kwa skii na kuteleza kwa sleji. Tamasha lilionyesha jambo rahisi: wapo watu tayari kusafiri kuifuata baridi, mradi wapate pa kulala.

Burt alikuwa na kambi ya zamani ya wakata magogo kwenye bonde lililo chini ya mlima, ikiitwa Ranch Camp. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliigeuza kuwa malazi ya wachezaji skii. Vitanda vilikuwa vya ghorofa, vilevile walivyolalia wakata magogo. Kulikuwa na jiko kubwa la chuma na meza ndefu. Mgeni hakupata starehe nyingine pale, wala hakuihitaji. Alifika kwa skii, akala akashiba, akalala, na alfajiri akafungua mlango akiwa tayari mlimani.

Mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa umewatupa mamilioni ya Wamarekani nje ya ajira. Mwaka 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda jeshi la vijana wa kazi za misitu. Kila kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilipelekwa nyumbani kwao. Mkuu wa misitu wa Vermont, Perry Merrill, aliomba vijana wengi kadiri alivyoweza, na kwa Mount Mansfield akamchagua Charlie Lord, mhandisi wa barabara aliyekuwa amepoteza kazi. Lord aliijua skii, akaujua na mlima. Njia ya kwanza aliyoichora na kuisimamia, iitwayo Bruce, ilishuka kutoka juu ikaishia Ranch Camp. Yaani njia ya kwanza ya skii kukatwa kwenye mlima ule ilielekezwa kwenye mlango wa nyumba ya wageni. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha kipi kilitangulia.

Kufika Stowe hakukuwa rahisi. Mafuriko ya Novemba 1927 yaliua watu 84 jimboni na kubomoa madaraja na reli nyingi. Tramu ya umeme iliyounganisha Stowe na stesheni kuu ya reli huko Waterbury tangu mwaka 1897 ilikoma mwaka 1932. Hata hivyo barabara zilizojengwa upya baada ya mafuriko zilikuwa bora, na jimbo likaanza kuzisafisha theluji ili magari yapite mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1931 treni za theluji zilitoka Boston zikiwa zimejaa vijana na skii zao, na New York ikafuata. Jumamosi usiku Green Mountain Inn ikijaa, mwenye hoteli aliwapigia simu majirani. Mmoja akafungua chumba cha marehemu mama yake, na wa pili akatandika sebuleni. Familia ambazo hazijawahi kupokea mgeni wa baridi ziligundua kwamba kitanda kilichokuwa kikilala bure tangu Oktoba kinaweza kulipa kodi ya ardhi.

Siku moja katika nyumba ya wageni

Kazi ya nyumba hizo haijapata sifa inayostahili, kwa hiyo tuitazame kwa karibu jinsi ilivyokuwa katika miaka ya 1930 na 1940.

Mama aliamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Jiko la kuni lilikuwa limebaki na makaa. Aliyachochea, akaongeza magogo makavu ya mti wa mepo, akaweka maji. Mgeni wa skii hali kama mgeni wa kiangazi. Alihitaji uji wa shayiri, mayai, nyama ya nguruwe ya kukausha, na chapati nene za maji zilizomiminiwa sharubati ya mepo. Sharubati yenyewe ni kazi ya shamba hilohilo. Mwezi Machi, usiku ukiwa wa barafu na mchana ukiwa wa jua, utomvu wa mepo hupanda. Mti hutobolewa, utomvu hukingwa kwa ndoo na kuchemshwa kutwa kucha kwenye kibanda chenye mvuke mzito. Lita 40 hivi za utomvu hutoa lita moja ya sharubati. Machi ndio mwezi wa mwisho wa skii nzuri, kwa hiyo mume alikuwa kwenye kibanda cha sukari na mke alikuwa na nyumba iliyojaa wageni.

Wageni wakishaondoka kwenda mlimani, ilianza kazi ya shuka, vyumba, majivu na kuni. Mabomba ya maji yalichungwa yasigande, kwani bomba likiganda hupasuka. Maharage yalikuwa yamewekwa kwenye chungu tangu jana yake, yaive polepole na kipande cha nyama na sharubati ileile. Mkate uliumuliwa, pai kubwa za tufaha zikaokwa kwenye sahani.

Saa kumi jioni, giza likianza, mlango ulifunguka na baridi ikaingia pamoja na watu. Nguo za siku hizo zilikuwa za sufu; zikishika theluji zilikuwa nzito, na zikipata joto zilitoa mvuke na harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Viatu vya ngozi vilipangwa karibu na moto, lakini si karibu mno, maana ngozi inayokaushwa kwa moto mkali hukakamaa ikapasuka. Mwenye nyumba aliyejua kazi yake alikuwa na kamba za kuanikia, na kona ya wageni kusugulia nta kwenye skii zao ili kesho ziteleze vizuri.

Chakula kililiwa kwa pamoja, saa moja, kwenye meza moja. Wakili wa New York alipitishiwa bakuli la viazi na mwanafunzi asiye na senti, na mwalimu wa shule aliketi kando ya binti wa mwenye benki. Waliokuja wakiwa hawajuani waliondoka wakiwa wamepanga kurudi pamoja mwaka unaofuata. Ukarimu huo ulikuwa pia biashara, na hakuna ubaya katika hilo. Mama aliyekumbuka kwamba bwana fulani hanywi maziwa na bibi fulani hulala vizuri upande wa mashariki, alikuwa anajenga mtaji ambao hakuna kampuni ingeweza kuununua.

Viti hewani na waimbaji kutoka Austria

Desemba 1936 alifika Stowe kijana kutoka Linz, Austria, aitwaye Sepp Ruschp, aliyeajiriwa kufundisha skii. Mwaka 1938 Charles Minot Dole, ambaye miaka miwili kabla alivunjika kifundo cha mguu huko Stowe na kukaa muda mrefu kwenye baridi akingoja msaada, aliongoza kuundwa kwa kikosi cha taifa cha waokoaji wa skii. Mwaka 1940 mwekezaji wa New York, Roland Palmedo, na wenzake walikamilisha lifti ya viti kwenye Mount Mansfield, ndefu kuliko zote nchini wakati huo. Kila kiti kilibeba mtu mmoja, na aliyepanda alifunikwa blanketi, kwani safari ya juu ilikuwa ndefu na upepo ulikuwa mkali.

Lifti iliongeza wageni, na wageni wakaongeza nyumba. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, askari wa kikosi cha milimani cha Marekani waliokuwa wamefunzwa kupigana kwa skii walirejea wakiwa na hamu ya kuishi karibu na theluji. Baadhi yao, pamoja na wanandoa waliochoshwa na maisha ya mjini, walinunua nyumba za mashamba wakazigeuza kuwa loji. Sura ya jamii ikaanza kubadilika: mwenye nyumba sasa aliweza kuwa mtu aliyeacha ofisi Manhattan akajifunza kupasua kuni.

Katika wimbi hilo ndimo ilimoingia familia ya von Trapp. Walikuwa wameondoka Austria mwaka 1938 baada ya Ujerumani ya Hitler kuitwaa nchi yao, wakawa wakiishi kwa kuimba Marekani. Mwaka 1942 walinunua shamba kwenye kilima juu ya Stowe, kwa sababu mandhari yake iliwakumbusha kwao. Baba wa familia, Georg, alifariki mwaka 1947. Familia ikiwa safarini kuimba, vyumba vyao vilikuwa wazi wakati ambapo Stowe haikuwa na vitanda vya kutosha. Wakaanza kupangisha. Mwaka 1950 nyumba hiyo ya vyumba 27 ilifunguliwa rasmi kuwa Trapp Family Lodge.

Watu wengi wanaifahamu familia hii kwa tamthilia ya muziki ya mwaka 1959 na filamu ya *The Sound of Music* ya mwaka 1965, ambazo huishia wakati wanaikimbia Austria. Fedha nyingi za filamu hazikuwafikia, kwani Maria, mama wa familia, alikuwa ameshauza haki za hadithi yake kwa watengenezaji filamu wa Ujerumani. Uimbaji wao nao ulikuwa umekoma katikati ya miaka ya 1950. Riziki yao ilibaki vitanda vilevile. Mwaka 1968 mtoto wa mwisho, Johannes, aliyesomea misitu, alianzisha hapo kituo cha skii ya masafa, ile ya kutembea na kuteleza msituni bila lifti. Ndicho kituo cha kwanza cha biashara cha aina hiyo nchini Marekani, na wazo lake lilifaa sana kwa loji ndogo, kwani mgeni aliweza kuanza matembezi mlangoni.

Usiku wa Desemba 20, 1980, siku tano kabla ya Krismasi, nyumba iliungua. Mgeni mmoja alipoteza maisha, na jengo zima likawa majivu. Wengi wangeuza ardhi wakaondoka. Familia ilijenga upya kwa mtindo wa Kiaustria, safari hii vyumba 96, ikafungua mwaka 1983. Maria alifariki mwaka 1987 akazikwa shambani hapo. Loji bado iko mikononi mwa familia, na tangu mwaka 2010 inatengeneza bia yake yenyewe.

Jimbo linachagua

Hatari kubwa zaidi kwa nyumba ndogo ilitokana na mafanikio. Mwaka 1958 kituo cha Killington kilifunguliwa, kikakua kuwa kikubwa kuliko vyote mashariki mwa nchi. Barabara kuu mpya za miaka ya 1960 zilifupisha sana safari ya kutoka Boston na New York. Makampuni yakajenga majumba ya vyumba vya kuuza chini kabisa ya lifti, na mteja aliyenunua chumba hapo hakuwa na haja ya meza ya mama wa kijijini. Kandokando ya barabara yakasimama mabango makubwa, kila hoteli ikipiga kelele kuliko jirani yake.

Wenyeji waliona kinachokuja. Mwaka 1968 bunge la Vermont lilipitisha sheria ya kuondoa mabango ya matangazo barabarani, na ndani ya miaka michache yote yakang'olewa. Badala yake pakawekwa vibao vidogo vya kuelekeza, vya ukubwa mmoja kwa hoteli tajiri na kwa nyumba ya vyumba vitano. Mwaka 1970, chini ya Gavana Deane Davis, ikapitishwa sheria ya matumizi ya ardhi inayojulikana kama Act 250. Mradi mkubwa ulitakiwa kuthibitisha kwamba hautaharibu maji, udongo, barabara na mandhari kabla ya kuruhusiwa.

Sheria hizo zimelalamikiwa na zinalalamikiwa hadi leo, hasa kwa kuchelewesha ujenzi wa makazi ambayo jimbo linayahitaji. Lakini ndizo zilizoilinda bidhaa ambayo nyumba za wageni huuza kweli: kijiji chenye kanisa jeupe, malisho yanayoishia msituni, na barabara isiyo na kelele. Robo tatu ya ardhi ya Vermont sasa ni misitu tena, pale palipokuwa na kondoo.

Wapo pia waliochagua kubaki wadogo kwa makusudi. Palmedo, alipoona Stowe inakuwa kubwa mno kwa moyo wake, alianzisha kituo cha skii cha Mad River Glen, hukohuko Vermont, mwishoni mwa miaka ya 1940, kikiwa na lifti ya kiti kimoja. Mwaka 1995 wachezaji wenyewe walikinunua kituo hicho kwa ushirika. Mwaka 2007 lifti ilipochakaa, wanaushirika waliitengeneza upya iwe vilevile, kiti kimoja kwa mtu mmoja, kwa sababu lifti kubwa ingejaza mlima watu kupita uwezo wake.

Theluji na mwenyeji

Filamu ya *White Christmas* ya mwaka 1954 inamhusu jenerali mstaafu mwenye nyumba ya wageni Vermont. Krismasi inakaribia, theluji hakuna, vyumba ni vitupu, na akiba yake yote imezikwa pale. Ilitengenezwa kwa ajili ya burudani, lakini hofu iliyomo ndani yake kila mwenye nyumba wa milima hiyo aliijua na anaijua. Sasa hofu imezidi. Majira ya baridi ya Vermont yamekuwa ya joto zaidi kuliko ya zamani, mvua hunyesha Januari, na vituo hutegemea mashine za kurusha maji yanayoganda yakawa theluji. Kampuni kubwa ina fedha za mashine hizo. Nyumba ya vyumba vinane haina. Inategemea jirani yake mkubwa aziwashe. Mafuriko nayo, Agosti 2011 na tena Julai 2023, yalikata barabara na kuingia majumbani mabondeni.

Umiliki wa milima umehamia mbali. Mwaka 2017 kampuni ya Vail Resorts, yenye makao yake Colorado, ilinunua shughuli za skii za Stowe, na uamuzi kuhusu bei ya tiketi na idadi ya lifti sasa hufanyika huko mbali. Kampuni inaweza kuuza tiketi ya milima mingi kwa mpigo. Haiwezi kumkumbuka mgeni kwa jina la mama yake.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya nyumba hizi, na ndiyo sababu nyingi zimedumu. Zimejifunza kutoweka matumaini yote kwenye theluji. Zinapokea wageni wa majani ya vuli, wa baiskeli za kiangazi, wa harusi, na wa sharubati mwezi Machi, kama bibi zao walivyoishi kwa maziwa, mayai na wageni kwa pamoja. Zinazofungwa siku hizi mara nyingi hufungwa kwa sababu wenyewe wamezeeka na watoto hawaitaki kazi ya kuamka alfajiri, au kwa sababu wafanyakazi hawapati nyumba ya kupanga karibu. Jimbo lililopigania mandhari linapaswa sasa kupigania watu wanaoishi ndani ya mandhari hayo, kwa nyumba za bei nafuu na mikopo ya kuwawezesha vijana kurithi kazi hii. Bila hivyo, kitakachobaki ni picha nzuri isiyo na mwenyeji.

Nawe msomaji, ukijaliwa siku moja kufika kwenye milima hiyo, uliza kwanza kama mwenye nyumba analala humohumo. Akiwa analala humo, lipa bei yake bila kusita, kula mezani kwake, na muulize nyumba ilijengwa lini na nani. Fedha hiyo itabaki kijijini.